Wiki ya Kurudishiwa

Siku niliyokabidhiwa kombe la utulivu mbele ya shule nzima, aliyestahili kombe hilo alikuwa bandani amelala ubavu, akinyonyesha.

Jina lake lilikuwa Mkaguzi. Alikuwa nguruwe jike wa mradi wa kilimo hapa Sekondari ya Wavulana Ihanga, na jina hilo nilimpa mimi kwa sababu kila mgeni aliyefika bandani alitazamwa viatu kwanza, uso baadaye. Namtaja kwa heshima zote. Muhula mzima, moyo uliokuwa ukisomwa ofisini chini ya jina la Osmund Mbilinyi, kidato cha sita, ulikuwa moyo wake.

Mkuu wa shule aliniinua mkono kama bondia. Akatangaza kwamba tangu Ihanga ianzishwe hajapata kuona kijana mwenye mapigo mazito na pumzi ndefu namna hii, hasa baada ya chakula. Akanitaka niwaeleze wenzangu siri yangu. Nilipanda jukwaani, nikakohoa kidogo kama watu wazima wanavyokohoa kabla ya kudanganya, nikasema: kula ushibe, lala unapopata nafasi, usijali watu wanakusema nini. Wakapiga makofi. Na kila neno lilikuwa kweli.

Ihanga ni mahali pa baridi. Asubuhi nyasi za uwanjani huwa nyeupe, na bomba la maji hukataa kutoa chochote mpaka jua liliombe. Kwa hiyo ukumbi ulipowekewa mikeka ya mpira inayopashwa moto kwa umeme, tuliipenda yoga kabla hatujajua ni nini. Tulisimama kwa mguu mmoja, pozi la mti. Tuliinua vifua kutoka sakafuni, pozi la swila. Tulijikunja kama tunaotafuta sarafu chini ya kabati, pozi la mtoto. Mwisho tulilala chali, viganja vikitazama dari, macho yamefumbwa, na hilo liliitwa pozi la maiti. Mbele yetu alikaa Madam Fidea Mgaya, mwalimu wetu wa yoga, mama mwembamba mwenye sweta la kijani, akipumua kwa ajili yetu sote.

Nasema kwa ajili yetu sote na sifanyi mzaha. Chini ya shati kila mwanafunzi alivaa mkanda uliozunguka kifua na kufungwa kwa kifungo cha chuma juu ya moyo. Uzi mwembamba ulipanda kutoka hapo hadi shingoni, unapopita mshipa wa fahamu unaoteremka toka ubongoni kwenda kwenye moyo na tumbo. Hofu au hasira au huzuni ikianza kupanda, uzi uliugusa mshipa huo kwa umeme kidogo, moyo ukapunguza mwendo, pumzi ikarefuka. Kila asubuhi Madam aliufungua mkanda wake kwa ufunguo, akaugeuza juu chini, akaufunga tena. Mkanda uliogeuzwa hauongozwi, unaongoza. Vifua vyetu vyote vilipanda na kushuka pamoja na cha kwake. Mchana, mwanafunzi akizidiwa, Madam alimsogeza karibu, akagusisha kifungo chake na cha yule kijana mpaka vyote viwili vitetemeke, na kijana akapumua pumzi za Madam mpaka akumbuke za kwake.

Mambo haya yalikuja baada ya miaka ya migomo na mabweni kuteketea. Wakubwa walichoka kujenga mabweni, wakaona ni nafuu kujenga wanafunzi. Siku ya wazazi baba mmoja aliuliza: hiyo huzuni mnayoizima inakwenda wapi? Mkuu alimjibu kwa sauti ya muuza majokofu. Haiendi popote, mzee, inahifadhiwa. Mkanda unapima kila wimbi unalolizuia, unaliweka akiba, na baada ya mtihani wa mwisho kuna Wiki ya Kurudishiwa, ambapo vijana hulala uwanjani na mikeka ikawarudishia vyao polepole, wimbi kwa wimbi, chini ya uangalizi. Na mtu akiponyoka akalia kabla ya wakati, mkanda unapima kilichotoka na kukipunguza kwenye akiba yake. Hakuna kinachopotea.

"Ila mkanda haujui jina la kinachokuuma," Madam Fidea aliongeza, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Unajua kifua, koo na moyo. Basi."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyemwagiwa chai.

Mimi mkanda sikuutaka. Si kwa msimamo wowote mzito, ingawa msichana akiniuliza nitasema hivyo. Utundu wangu hutoka mahali fulani chini ya mbavu, mahali panapowasha, na niliona wenzangu wenye muwasho wakipona mmoja mmoja. Kijana aliyewahi kumvalisha mbuzi tai ya shule na kumwingiza paredi sasa alikuwa akipanga kalamu zake kwa urefu. Niliogopa. Nikatafuta spoki ya baiskeli, nikainoa ncha, nikajifunza kufungua kifungo kwa subira ya mwizi wa kanisani. Mkanda wangu nikamvalisha Mkaguzi, nao ukavutika ukamtosha. Mimi nikavaa mkanda mbovu kutoka stoo ya michezo, ambao ulikuwa hai kama ukanda wa suruali. Spoki ikahamia kwenye soksi yangu na kukaa huko.

Aliyejua alikuwa mmoja tu, Lusungu Chaula, aliyelala kitanda cha chini yangu.

* * *

Lusungu hakuwa mtundu. Alikuwa mtu wa kunyoosha shuka. Lakini haki lazima isemwe hata na mtu kama mimi: mkanda ulimsaidia. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameingia kwenye chumba cha mtihani, mikono ikamtetemeka mpaka kalamu ikamponyoka, akakaa pale mpaka muda ukaisha, karatasi ikiwa na jina lake peke yake. Akarudia mwaka. Madam Fidea alimchukua, akamfundisha kuanzia kwenye vidole vya miguu: hapa una mguu, hapa una goti, hapa una tumbo, pumzi inashuka mpaka hapa. Mkanda ukamalizia kazi. Muhula huo nilimsikia Lusungu akikoroma kwa mara ya kwanza, na sijawahi kufurahia usumbufu kiasi kile.

Mama yake alikuja kila siku ya kutembelewa. Alitoka Makete na vyombo viwili, kimoja cha Lusungu na kingine changu, kwa sababu aligundua mapema kwamba mimi hakuna mtu anayenitembelea. Mimi nalelewa na mjomba mwenye shughuli nyingi, na mojawapo ya shughuli zake ni kunisahau. Mama Chaula hakuuliza maswali. Alitupanga foleni mbele ya wavulana wote, akatukagua visigino, kola na masikio, akatoa hukumu kwa sauti, ndipo tuliporuhusiwa kugusa kuku. Mimi aliniita "mzee wa vituko". Mwanawe alimwita "wangu huyu wa kutetemeka", na alipoona mikono yake imetulia aliishika muda mrefu, akiigeuzageuza kama kitu alichonunua akiwa na wasiwasi.

Ziara ya mwisho alikuwa amekonda. Tulipomwuliza alisema ni baridi. Kabla ya kuondoka alimwambia Lusungu jambo moja, nami nilikuwepo: "Likitokea lolote, hata likinitokea mimi, Jumatatu ya mtihani wewe uwe umekaa kwenye kile kiti. Umenisikia?" Lusungu alisema amesikia.

* * *

Zamani, tunaambiwa, mwanafunzi akifiwa karibu na mtihani shule ilimficha. Barua ilifungiwa kabatini, ndugu walizuiwa getini, kijana akafanya mitihani yake yote akidhani ana wazazi. Mkuu wetu aliuona utaratibu huo kuwa wa kishenzi. Siku hizi, alipenda kusema, sisi hatufichi kitu.

Alikuja ukumbini asubuhi, siku chache kabla ya mtihani, akiwa amevaa viatu, akakanyaga mikeka. Tulikuwa kwenye pozi la maiti. Mimi nilikuwa kando ya Lusungu, nimefumba jicho moja. Mkuu alichuchumaa, akaweka mkono begani mwake na kusema kwa sauti nzuri kabisa:

"Chaula, mama yako amefariki jana jioni hospitalini. Pole sana. Vuta pumzi."

Mbele ya ukumbi pumzi ya Madam Fidea ilikatika. Hakuwa ameambiwa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiongoza, ukumbi mzima ulikatika pumzi naye, vifua vyote kwa pamoja, kama watu waliosukumwa majini. Kisha Madam akajikaza, pumzi ikarudi, vifua vikashuka.

"Asante, Mkuu," Lusungu alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Akanywa uji wake. Akauliza kama nataka mkate wangu. Akaenda darasani kurudia mada ya mfumo wa damu. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia pole. Alinipa mkono kama tunaokutana mkutanoni. Akasema anajua jambo hili ni zito, anaona kabisa kwamba ni zito, na ameliweka pembeni mpaka Wiki ya Kurudishiwa.

Mimi sikuwa na mahali pa kuliweka pembeni. Nilikwenda bandani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia mpaka kamasi. Watoto wa Mkaguzi walikuwa wameshauzwa juma lile, wote kwa mkupuo, na yeye alilala ubavu ametulia kama kanisa siku ya Jumanne. Mkanda wangu ulikuwa ukifanya kazi vizuri sana.

* * *

Shule hutuma ujumbe msibani: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja wa kumsindikiza mfiwa, na shada la maua. Mkuu alimteua Madam Fidea. Kwa upande wa wanafunzi alisema panahitajika kijana asiyetikisika, akanitaja mimi.

Getini mikanda husomwa mwanafunzi anapotoka, kwa hiyo ilinibidi nimvue Mkaguzi mkanda wangu kwa kuuvuta, kifungo kikiwa bado kimefungwa, na kuuvaa mwenyewe, ukiwa na harufu yake. Nieleze ulivyokuwa, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nauzungumzia kama mtu anayesimulia bahari bila kuiona. Ulikuwa mtamu. Kile kilichokuwa kimenikaba tangu asubuhi ya ukumbini kiliteremka, kikaenda kukaa mbali, mahali ninapokiona lakini hakinigusi. Nikajua mama Chaula amekufa kama ninavyojua mji mkuu wa nchi fulani. Nilimwelewa Lusungu kabisa, na hata kule kumwelewa hakukuniuma.

Gari la shule lilipanda milima ya Makete kwenye ukungu. Lusungu alilala nyuma. Nilimwuliza Madam kama anaweza kumfungua, kwa siku hii moja tu. Akasema ufunguo anao. Lakini mkanda ukifunguliwa moja kwa moja hautoi kidogokidogo, unaachia yote: mama, na mwaka aliofeli, na kila kitu kilichowekwa humo tangu alipouvaa. Kijana wa shule nyingine alifunguliwa hivyo, akalala wodini mpaka wenzake wakamaliza mitihani.

"Mimi yoga niliyofundishwa ilikuwa ya kukaa na kinachouma mpaka mzoeane," alisema. "Hii nyingine nilielekezwa kwenye semina."

Mimi nilikuwa mtulivu mno kumwuliza zaidi.

* * *

Msibani Lusungu alikuwa mwenyeji mzuri kuliko wote. Aliwasalimia wazee kwa mpangilio wa umri. Aliwashukuru waliotoka mbali. Mchungaji alipotaja umri wa marehemu akakosea, Lusungu alimsahihisha kwa adabu. Wakati wa kuaga aliinama juu ya jeneza, akamtazama mama yake, akamnyooshea kitambaa cha kichwa, akasogea pembeni ili wengine wapate nafasi. Kisha akaomba chai.

Tulipofika kaburini, nyuma yetu wanawake walianza kunong'ona, na manung'uniko yakatembea mpaka yakamfikia Mama Mkubwa Adelina, dada wa marehemu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Tangu jana yake alikuwa amelia mpaka sauti imebaki nusu, na hiyo nusu ilitutosha. Alimfuata Lusungu na kumwuliza mama yako ni nani. Lusungu akamtajia jina kamili. Akamwuliza yuko wapi. Lusungu akaonyesha jeneza kwa kidole.

Mama Mkubwa aligeukia ukoo. Alisema mtoto wa dada yake anamfahamu, alikuwa mtoto wa kulia kwa sababu ya kuku kuchinjwa, na huyu siye. Amelishwa kitu huko shuleni, au ameuza kitu. Madam Fidea aliingia kati na kueleza habari za mkanda, mshipa wa fahamu na akiba. Walimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ya mgeni.

"Basi mvueni," alisema Mama Mkubwa.

Madam alisema haiwezekani kabla ya mtihani.

"Basi udongo hatupi. Anayemzika mama yake kwa macho makavu, mikono yake haigusi kaburi la dada yangu. Atatupa udongo mtoto wa mwingine."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Jeneza lilikuwa tayari limeteremshwa. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Nilimvuta Lusungu kando, nikamwonyesha spoki kwenye soksi. Nikamwambia neno lake ndilo la mwisho: nikufungue? Alilifikiria kwa utulivu, kama hesabu.

"Ukinifungua, Jumatatu sishiki kalamu," alisema. "Mama alisemaje?"

"Uwe umekaa kwenye kile kiti."

"Ndiyo hivyo." Akatazama kaburini, kisha Mama Mkubwa. "Lakini udongo nataka kutupa, Osmund. Nadhani nisipotupa, nitakuja kuumia sana baadaye. Tafuta njia. Wewe ndiye mtu wa njia."

Watu wameshaniita mengi, lakini sikuwahi kuitwa hivyo na mtu aliyekuwa hatanii.

Nilikwenda nyuma ya ghala la viazi, nikavua shati kwenye baridi ile, nikafungua kifungo changu. Kilichokuwa ndani ya akiba yangu kilikuwa karibu chote cha Mkaguzi, si changu, na kwa sekunde chache niliegemea ukuta wa ghala bila kujua kwa nini. Kabla hakijaisha kutoka niliugeuza mkanda juu chini, kama Madam anavyofanya kila asubuhi, nikaufunga tena na kurudi.

Msibani wanaume hukumbatiana, hakuna anayeshangaa. Nilimkumbatia Lusungu, kifua kwa kifua, kifungo kwa kifungo, mpaka vyote viwili vikatetemeka. Kuanzia hapo mwili wake ukawa unanifuata mimi. Kilichobaki ni mimi nilie.

Na sikuweza. Mbele ya umati ule, mimi niliyewahi kuzimia mara tatu kwenye paredi moja ili kukwepa kufyeka nyasi, nilikunja uso na hapakutoka kitu. Mama Mkubwa alikuwa akitutazama. Mjukuu wa mtu alikuwa ameshapewa koleo. Ndipo jambo dogo la mama Chaula liliponijia, dogo sana, wala sikuwa nimelitafuta, na mkanda uliogeuzwa hauzuii kitu.

Nililia vibaya. Nililia kwa sauti ninayoitumia nikiwa peke yangu. Na nusu pumzi nyuma yangu, kutoka kinywani mwa Lusungu, kilio kilekile kilitoka: kupanda kulekule, kukatika kulekule, mpaka ile kwikwi yangu ya kipuuzi mwishoni. Machozi yalimtiririka, mabega yakamruka. Alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayeangalia mvua kupitia dirishani.

Mama Mkubwa Adelina alitupa mikono juu. Akaja akamkumbatia Lusungu, akampokonya mjukuu wa mtu lile koleo, akamkabidhi yeye. Lusungu akatupa udongo. Ukoo mzima ulilia upya kwa furaha, kama furaha inaweza kuitwa hivyo mahali kama pale.

Madam Fidea alikuwa ameona kifungo changu kilivyokaa chini ya shati. Alinikamata bega, akalibana, nami nikajua anaona tumefanya vizuri. Yule yule aliyetuambia mkanda unajua nini na haujui nini. Siku ile hata yeye alisahau.

Nilipoweza kunyamaza, Lusungu naye alinyamaza. Alifuta uso kwa leso iliyokunjwa mara nne.

"Umelia vizuri," aliniambia. "Asante. Gari linaondoka saa ngapi?"

* * *

Jumatatu alikaa kwenye kile kiti. Mikono haikutetemeka siku hiyo wala zilizofuata. Alikuwa akiomba karatasi za ziada.

Kisha ikaja Wiki ya Kurudishiwa. Mikeka ilitandazwa kwenye uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, na kidato cha sita chote kikalala chali juani. Mkuu alitoa hotuba fupi kuhusu uadilifu wa mitambo, akaenda kunywa chai. Madam alipita kati yetu na kibao chake cha kusomea mikanda, akiiruhusu mmoja mmoja ianze kurudisha. Dakika si nyingi uwanja ukaanza. Yule wa mbuzi alimlilia mbuzi. Mmoja alimlilia msichana aliyemwacha akiwa kidato cha tano. Kiranja mkuu alikuwa akilia kwa viboko vya mwaka juzi, akihesabu kwa sauti. Ilikuwa kama mnada wa misiba, na siku nyingine ningecheka mpaka nifukuzwe.

Mimi mkeka ulinirudishia cha kwangu, yaani kile kilichobaki cha Mkaguzi. Sikuwa nimejiandaa. Kilianzia tumboni, kikaja kifuani, na mikono yangu ikaanza kutafuta kitu ubavuni, kupapasa nyasi upande huu na ule, kwamba walikuwa hapa sasa hivi, walikuwa wengi, wamekwenda wapi. Nililia kama nguruwe, na hii si tamathali ya usemi. Juma zima la watoto wake waliouzwa lilipita mwilini mwangu, naye hakupata kujua kwamba aliwahi kuwa na uchungu huo. Uliwekwa kwa jina langu.

Ulipoisha nilifungua macho. Lusungu alikuwa kando yangu, chali, viganja juu, mkavu. Madam Fidea alikuwa amepiga magoti juu yake akibonyeza kibao, akikipiga kofi, akibonyeza tena. Hofu za mwaka aliofeli zilikuwa zimetoka asubuhi ile, ndogondogo. Baada ya hapo kibao kilionyesha hana kitu.

"Mama yangu yuko wapi?" Lusungu aliuliza.

Madam alimwonyesha. Wimbi kubwa kuliko yote lilikuwa limeandikwa kuwa limetoka, lote, siku ya mazishi, kaburini, saa nane na kidogo mchana. Mkanda ulipima kifua, koo na moyo, ukaona kilio cha kutosha mama mzima, ukafuta. Madam alinitazama. Halafu akaketi kwenye nyasi kama mtu aliyeondolewa mifupa, akaanza kulia yeye, bila mkanda, na hakukuwa na mtu wa kumwongoza.

Lusungu hakunilaumu. Bado naona ningependelea anipige. Aligeukia upande wangu, shavu juu ya mkeka, na kusema kwamba mama anamkumbuka vizuri tu, sura, sauti, kila kitu; ila ni kama kukumbuka ramani.

"Siku ile," akasema, "ulikuwa unafikiria nini?"

Ningeweza kutunga. Kutunga ndiyo kazi yangu. Nikamwambia ukweli. Siku moja ya kutembelewa mama yake alinikagua, akakuta uchafu nyuma ya sikio. Hakusema kitu mbele ya wenzangu. Alilowesha ncha ya kitenge chake kwa mate, akanishika kichwa, akanifuta taratibu mpaka akaridhika, kisha akaniachia kichwa kama mtu anayerudisha chombo mahali pake. Hiyo tu. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo kabla, na nadhani hakuna atakayenifanyia tena.

Lusungu alisikiliza kama anavyosikiliza darasani, bila kupepesa.

"Sikio la kulia au la kushoto?"

"La kushoto."

Aliinua mkono, akauweka nyuma ya sikio lake la kushoto, akafumba macho na kusubiri.